Jaji, Picha na Mbakaji

Majimbo mengi ya Marekani huwapigia kura majaji wake, na kampeni zao huweza kuwa chafu kama za wanasiasa. Mwaka 2008 huko Wisconsin, Michael Gableman alimkabili Louis Butler, Mweusi wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo hilo. Tangazo la Gableman liliweka picha ya Butler kando ya picha ya mbakaji wa watoto, naye pia Mweusi. Likasema Butler alimtafutia mwanya wa kisheria, na mtu huyo akabaka tena.

Lililofichwa ni kwamba wakati huo Butler alikuwa tu wakili wa utetezi wa mtu huyo, na mwanya ule haukumfungua. Mbakaji huyo alirudia kosa baada ya kutoka gerezani.

Gableman alishinda. Shauri la maadili kuhusu tangazo hilo lilipofika mbele ya majaji wenzake mwaka 2010, waligawanyika watatu kwa watatu; watatu waliona kila sentensi, ikisomwa peke yake, ni kweli. Hoja dhaifu hiyo! Shahidi angepanga maneno hivyo kizimbani, jaji gani angemvumilia?

Na wakili kijana anayeota ujaji, akipangiwa mteja anayechukiwa, atamtetea kwa moyo gani?