Wingi wa Majaribio Si Hoja

Maji yakikatika katika bomba linaloteremka kutoka mlimani Rungwe hadi Lufingo, fundi haendi kwenye koki zilizokauka tu. Koki kumi za bondeni zitamwambia jambo lile lile moja. Huuliza pia ni wapi maji bado yanatoka. Ya juu ikitoa na inayofuata isitoe, ubovu upo kati ya hizo mbili.

Programu za kompyuta nazo ni hivyo hivyo. Katika uchaguzi mkuu wa Kenya wa Machi 4, 2013, matokeo ya awali yaliyotangazwa Nairobi yalionyesha kura zilizoharibika zaidi ya laki tatu. Watu walishtuka, kwani palikuwa na ubishi kama kura hizo zihesabiwe katika kutafuta nusu anayoihitaji mshindi. Baadaye Tume ya Uchaguzi ilieleza kwamba programu ilizizidisha mara nane. Matokeo rasmi ya Machi 9 yalitaja kura 108,975 zilizoharibika, na mshindi alipata asilimia 50.07.

Tujiulize, ni majaribio gani yangefichua ubovu huo mapema? Kituo cha mfano kisicho na kura iliyoharibika hakionyeshi kitu, maana sifuri mara nane ni sifuri. Vituo mia vya aina hiyo vingefaulu vyote. Kwa upande mwingine, kituo chenye kura chungu nzima za kila aina kingeonyesha kwamba jumla si sahihi, lakini kisingesema kosa liko wapi.

Dawa ni majaribio yanayotofautiana kwa jambo moja tu. Weka kura halali 100, bila iliyoharibika hata moja: hesabu ni sawa. Ongeza moja iliyoharibika: zinatoka nane. Hapo umekwishajua sehemu yenye kosa. Ongeza ya pili: zikitoka 16, programu inazidisha, zikitoka tisa, inajumlisha saba zaidi. Jaribio lililofaulu limesaidia sawa na lililoshindwa.

Leo kompyuta hushika mishahara yetu, matokeo ya mitihani ya watoto wetu na fedha tunazotumiana kwa simu. Anayekabidhiwa programu asiridhike kuambiwa imejaribiwa mara elfu. Aulize majaribio hayo yanatofautiana vipi. Mashahidi elfu waliosimama mahali pamoja wameona kitu kimoja tu.