Paa la Jengo Letu: Tupime Kabla ya Kununua
Maelezo ya Kamati ya Fedha na Ujenzi kwa mkutano mkuu wa mwaka

 

Tumepewa dakika chache tuzungumzie jambo moja tu, nalo ni paa. Kuta za jengo letu la biashara zimefika kwenye lenta. Upande mmoja ni vyumba vya maduka, upande wa pili ni ghala, na kodi yake ndiyo tuliyokubaliana kuwa itanunua sare, madaftari na viatu vya watoto wetu wasiojiweza. Fedha iliyopo inatosha kufanya moja kati ya mambo mawili: kuezeka jengo zima kwa bati jembamba la bei rahisi, au kuezeka upande wa maduka peke yake kwa bati zuri, ghala lisubiri mwaka kesho. Kamati inapendekeza hilo la pili, na sababu zetu ni hizi.

Kwanza, tumjue adui yetu. Ndugu zetu walioko Dar es Salaam na Tanga wanapambana na chumvi ya bahari. Jirani zetu wa Tukuyu, mkoa huu huu wa Mbeya, wanapambana na mvua. Sisi wana-Makongolosi adui yetu mkubwa ni jua. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Miezi mingine ni joto, upepo na vumbi. Mchana wa Oktoba bati linaweza kupita nyuzi joto 60, usiku likapoa kabisa. Chuma kikipata moto hurefuka, kikipoa hurudi. Bati la mita 6, joto lake likibadilika kwa nyuzi 50, hurefuka karibu milimita 3 na nusu. Likifanya hivyo kila siku kwa miaka, tundu la msumari linapanuka, msumari unalegea, na mvua ya kwanza ya Novemba inaingia dukani kwa mpangaji. Kwa hiyo tunataka skrubu zenye mpira mzuri, siyo misumari ya kupigilia.

Pili, tuangalie bati limevikwa nini. Lipo lililopakwa zinki peke yake. Lipo lililopakwa mchanganyiko wa alumini na zinki, ambapo alumini ni asilimia 55. Hili kwa kawaida hukaa muda mrefu zaidi kabla ya kutu. Kwenye aina hii utaona alama kama AZ70 au AZ150. Namba hiyo ni gramu za mchanganyiko kwa kila mita mraba, pande zote mbili zikijumlishwa. Juu yake huja rangi, ambayo mara nyingi ni nyembamba kuliko unywele wa mtu. Jua letu huila rangi hiyo ikawa unga, ndiyo maana ukipitisha kidole juu ya bati kuukuu kinatoka na chaki. Rangi za kukolea hunyonya joto na kupauka kwake huonekana mapema. Tunapendekeza rangi ya maziwa au nyeupe, inayorudisha jua, ili muuza duka na mteja wake wapumue.

Tatu, unene. Namba ya geji ikiwa kubwa, bati ni jembamba: geji 28 ni karibu milimita 0.4, geji 32 ni karibu milimita 0.25. Muuzaji akikutajia unene, muulize kama ni chuma peke yake au amejumlisha na rangi. Kisha omba mizani. Mita mraba moja ya chuma cha milimita 0.4 ina uzito wa kilo 3 na kidogo; ya milimita 0.25 haifiki kilo 2. Ndugu zetu, sisi ni watu wa dhahabu. Hakuna hata mmoja wetu anayenunua dhahabu kwa macho. Kwa nini tununue bati kwa macho? Tutapima, na tutaangalia alama ya TBS.

Nne, hesabu. Tuchukue mfano wa kurahisisha. Bati moja ni shilingi 20,000 na linakaa miaka 8: hiyo ni shilingi 2,500 kwa mwaka. Jingine ni shilingi 36,000 na linakaa miaka 20: hiyo ni shilingi 1,800 kwa mwaka. Lililoonekana ghali ndilo rahisi. Na hapo hatujaweka fundi wa kuezua na kuezeka upya, wala miezi ambayo chumba kinakaa bila mpangaji. Rahisi ni ghali, wazee wetu walishasema.

Wapo wanaouliza, na ni swali la haki: kuta za ghala zisizoezekwa zitaponaje mvua? Vichwa vya kuta tutavifunika kwa saruji kabla ya Novemba. Ukuta uliofunikwa kichwa utavumilia msimu mmoja. Bati bovu tutaishi nalo miaka.

Tano, maji. Milimita 1 ya mvua juu ya mita mraba 1 ni lita 1. Paa la mita mraba 200 likipata mvua ya milimita 10 linaangusha lita 2,000, na hata zikipotea kidogo, matangi yanajaa. Kwa hiyo gata ziwekwe tangu mwanzo, na paa hilo lisipakwe lami wala rangi yenye madini ya risasi.

Kwa wenye maduka ya paa kuukuu, neno moja. Msipake rangi juu ya kutu na vumbi. Sugueni, osheni, badilisheni misumari iliyolegea, pakeni rangi ya msingi inayofaa bati, ndipo mpake nyeupe ya kuakisi jua, mikono miwili. Fanyeni asubuhi, bati likiwa bado baridi. Mafundi wakikata bati jipya watumie mkasi. Cheche za grenda huunguza rangi, na kutu huanzia hapo.

Ndugu zetu, mwaka huu tunaomba kila familia ichangie angalau bati moja zuri pamoja na skrubu zake. Mwenye uwezo wa mawili alete mawili. Risiti zitabandikwa kwenye ubao wa matangazo, na bati litapimwa mbele ya wazee siku litakaposhushwa.

Tunaomba kuwasilisha.