Simu ya Upepo Shingoni mwa Tembo

Fungueni madaftari, maana leo tunaanza na hesabu ndogo.

Mwezi wa Novemba, mwaka 2013, katika nyumba moja ya Mikocheni, yalikamatwa meno ya tembo 706, yamefichwa pamoja na vitunguu saumu. Tembo mmoja hana zaidi ya meno mawili. Basi gawanyeni 706 kwa 2. Mmepata 353? Ndiyo, tembo wasiopungua 353. Waliokamata meno yale walifanya kazi njema, lakini tembo walikuwa wamekwisha kufa. Habari ilichelewa.

Je, habari yaweza kupatikana mapema, tembo angali hai? Yaweza. Mwaka 2018 ilianza kazi ya kuwavisha tembo wa Selous mikanda yenye kisukuma mawimbi. Chombo hiki ni kama simu ya upepo ndogo. Hupokea ishara za setilaiti, yaani mitambo inayozunguka juu angani, hupima mahali kilipo, kisha hupeleka habari ofisini. Huko askari wa wanyamapori huona kwenye ramani: tembo yuko hapa.

Kumvisha tembo mkanda si kama kumfunga mbuzi kamba! Daktari wa wanyama humpiga kwa bunduki sindano ya usingizi. Akilala, huwekewa kijiti katika ncha ya mkonga ili usizibe, apate kuvuta pumzi. Mkanda una kitu kizito kinachoning'inia chini ya koo, ili chombo kibaki juu, kikielekea angani. Akivishwa jike mmoja, jamaa yake yote hujulikana ilipo, kwa kuwa majike hutembea pamoja na watoto wao.

Sasa sikilizeni. Alama ikikaa mahali pamoja saa nyingi, askari huingiwa na shaka. Je, mkanda umeanguka, au tembo ameuawa? Lazima waende wakaone. Tena kundi likielekea mashambani, huweza kulizuia kabla mahindi hayajaliwa. Mimi naona faida hii ya pili si ndogo, maana mkulima mwenye njaa hampendi tembo.

Lakini mkanda haukamati jangili. Askari ndiye amkamataye. Betri nazo huisha, na tembo wengi hawana mikanda.

Selous, katika miaka ya 1970, walikuwako tembo karibu 110,000. Mwaka 2013 walihesabiwa 13,000 hivi. Kwa somo lijalo, toeni 13,000 katika 110,000, mwandike jibu kwa maneno, si kwa tarakimu.