Mrefu wetu na yule anayemletea mpira
Tangu tupate pivo mrefu munasema timu ya watoto wa waliorudi imeshapona. Bado! Mwaka 1994, Dikembe Mutombo wetu wa Kinshasa, mita 2.18, alizuia mipira 31 kwa mechi tano, Denver ikatoa Seattle. Lakini mechi ya mwisho Robert Pack, muongoza mpira aliyetoka kwenye benchi, aliingiza pointi 23.

Muongoza mpira asipojua kutupa toka mbali, wapinzani wanamuacha, wanamrundikia pivo watu wawili ao watatu. Wetu hapa Bukavu anakimbia vizuri, ila anacheza na viatu vimepasuka, na mipira ya mazoezi ni miwili tu. Wafadhili, tuanzie pale.