KITI KITUPU

Somo: Yohana 20:24–29

 

Wale mliokaa Nairobi katika miaka ya 1970 mtayakumbuka majumba ya sinema. Mjini palikuwa na Odeon, Globe, Cameo na 20th Century, na kule Ngara palikuwa na Shan. Wenye magari walikwenda Belle-Vue katika Barabara ya Mombasa, au Fox katika Barabara ya Thika, wakatazama picha wakiwa wameketi ndani ya magari yao. Ndugu zetu wa Mombasa walikuwa na Majestic, Regal na Naaz. Huko hata mtu asiyejua Kihindi alitoka akiimba nyimbo za picha ya Kihindi. Kabla picha haijaanza, wimbo wa taifa ulipigwa, na watu wote wakasimama wima, tajiri wa viti vya nyuma na kijana wa viti vya mbele.

Leo mengi ya majumba hayo hayapo tena. Odeon na Bellevue yamebaki kuwa majina ambayo makanga huyaita vituoni. Shan imekuwa ukumbi wa wanasarakasi na wanamuziki. Mahali pengine jumba la sinema limegeuzwa duka, na pengine limegeuzwa kanisa. Sinema ingaliko, lakini kwa sehemu kubwa imehamia katika kumbi ndogo zilizomo ndani ya maduka makubwa.

Je, ni nani aliyeyafunga majumba yale? Hayakufungwa kwa siku moja. Televisheni ilianza katika Kenya mwaka 1962, na kwa miaka mingi ilikuwa mali ya wachache. Katika miaka ya 1980 zilienea kanda za vidio, na baadaye zikaja DVD. Mwaka 2016 Netflix ilifika Kenya, na picha zikaanza kuingia kwa njia ya intaneti hadi ndani ya simu. Kisha mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipoingia, hata kumbi zilizobaki zikafungwa kwa miezi mingi. Nalo jumba lenye viti mamia haliwezi kulipa stima na wafanyakazi kwa fedha za watazamaji kumi.

Tazameni jinsi mahali petu pa kutazamia palivyozidi kuwa padogo. Kwanza lilikuwa jumba la mji mzima. Kisha ikawa sebule ya jirani mwenye televisheni, ambako watoto wa mtaa wote waliketi sakafuni. Kisha ikawa sebule ya kila mtu, mlango umefungwa. Kisha kikawa chumba cha kulala. Na sasa ni kiganja cha mkono. Baba ana simu yake, mama ana yake, mtoto ana yake. Wote wako nyumba moja, na kila mmoja yuko peke yake.

Ndugu msikilizaji, sikuja kuyalilia majumba ya sinema. Wazee wetu wa kanisa walituonya juu ya picha nyingine zilizoonyeshwa humo, na tena walituonya juu ya wezi wa mifukoni waliotungojea nje. Hawakukosea. Lakini nataka tutazame jambo moja tulilokuwa nalo mle gizani bila kujua. Tulicheka, tukasikia wengine wakicheka. Aliye kando yako alipofuta machozi, ulijua. Rafiki yenu asipofika, mliulizana, "Mbona fulani haonekani?"

Sasa niruhusuni niwaambie kosa langu mwenyewe. Makanisa yalipofungwa Machi 2020, nilijifunza kufuata ibada kwa simu. Ilikuwa neema kubwa wakati ule. Lakini milango ilipofunguliwa tena, mimi sikurudi. Leo niliona mvua, kesho niliona uchovu. Nilijiambia kwamba neno ni lile lile na mhubiri ni yule yule, nami naweza kumsikiliza nikiwa na kikombe changu cha chai. Na mahubiri yalipokwisha na matangazo kuanza, nilizima simu.

Asubuhi moja nilikutana sokoni na mzee tuliyezoea kuketi naye benchi moja kanisani. Nikamsalimu kwa furaha, nikauliza, "Na Mama, hajambo nyumbani?" Akanitazama kwa muda. Kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, Mama yenu tulimzika mwezi uliopita."

Nilikosa la kusema. Mwezi ule wote sikukosa mahubiri hata Jumapili moja. Lakini habari ya msiba ilisomwa katika matangazo, nami nilikuwa nimekwisha kuzima. Simu ilinionyesha mimbari, ikanionyesha na kwaya. Haikunionyesha mzee akiketi peke yake, na kando yake kiti kitupu cha mkewe. Na kiti cha pili kilichokuwa kitupu kilikuwa changu.

Mtume Yohana atuambia kwamba jioni ile Bwana alipowatokea wanafunzi waliojifungia kwa hofu, Tomaso, aliyeitwa Pacha, hakuwapo. Hatuambiwi sababu. Labda huzuni ilimtenga, kama inavyotutenga wengi. Lakini wenzake walijua kwamba hayupo, kwa maana walikuwa wamekusanyika mahali pamoja. Wakamweleza habari. Hakuamini, nao hawakumfukuza. Baada ya siku nane walikuwa pamoja tena, na safari hii Tomaso alikuwa nao. Hapo ndipo Bwana alipokuja, akamwonyesha jeraha zake. Angeweza kumtokea Tomaso peke yake popote alipojificha. Lakini alimngoja hata alipokuwa katikati ya ndugu zake.

Najua kwamba wako wanaonisikiliza ambao hawawezi kufika. Mgonjwa kitandani, bibi ambaye miguu imechoka, askari wa zamu ya usiku. Kwenu ninyi redio na simu ni zawadi ya Mungu, wala msihukumiwe na mtu. Ni sisi wenye miguu tunaopaswa kuja kwenu. Hata mimi ninayesema nawe sasa, sauti yangu yaingia nyumbani mwako, lakini siwezi kuona kama unalia. Jirani yako aweza kuona.

Basi Jumapili hii, wewe uliye mzima, inuka uende. Ukisha kuketi, tazama kulia na kushoto. Ukiona kiti kitupu, uliza ni cha nani. Na ibada ikiisha, usikimbilie nyumbani, bali pita kwa mwenye kiti hicho. Mimi nilimwendea yule mzee jioni ile ile. Nilichelewa mwezi mzima, lakini alinifungulia mlango.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe uliyemngoja Tomaso, utusamehe sisi tuliozoea kutazama na kusahau kuonana. Uwafariji wote walioketi peke yao leo. Utupe macho ya kukiona kiti kitupu, na miguu ya kumwendea mwenyewe. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.