Njia ya pori ni ya nani? Maneno tuliyosema mbele ya vijana wa Kilwa



Nimeombwa niseme juu ya njia. Najua kuko wenye walikuja wakifikiri tutasema juu ya bariere, ao umeme, ao kura. Bariere itafika, mngojee kidogo. Leo nataka kuanza na ile njia ndogo ya pori, sababu pale njo nilipatia haya, na ni afazali niseme mwenyewe mbele ya kusemewa.

Mnaijua. Inatoka nyuma ya muji, inapita ku mashamba ya mihogo, inaingia ndani ya miombo, kiisha inapanda upande wa Kundelungu. Zamani walipita kule wawindaji, mama wa bowa wakati wa mvua, na watu wa makala. Sasa kila likizo vijana wa Lubumbashi wanakuja kuona ziwa Moero, na siku ya pili wanataka kupanda. Wana haki. Ukifika juu ukageuka, unaona maji yote mbele yako, na ng'ambo ni Zambia. Nimepanda mara tano ao sita, na kila mara napiga picha ile ile.

Likizo iliyopita tulikuwa watu kumi na wawili. Wanane kwa miguu, wanne na kinga za VTT, zenye tulifunga juu ya gari toka Lubumbashi. Mimi nilikuwa kati ya wale wanne. Kupanda tulisukuma kinga kama kila mtu, tukichekwa na wale wa miguu. Kushuka, tukasema sasa wataona. Kuko mteremko mmoja wenye mawe, pale njia inakuwa nyembamba sawa mlango wa nyumba, manyasi yako huku na huku. Mbele yetu papa mmoja alikuwa anashusha kinga yake na magunia matatu ya makala. Hakuwa amepanda juu. Alikuwa anaivuta kwa nyuma na mikono yote mbili, visigino ndani ya udongo, sababu kinga ile haikuwa na breki. Breki ni yeye mwenyewe.

Wa kwanza wetu akapiga kelele: «Papa, njia!» Njia gani? Angeenda wapi? Alisikia mlio nyuma yake, akaona ni afazali kuangukia ku manyasi kuliko kugongwa. Kinga ikaenda na yeye. Gunia moja likapasuka, makala ikatelemuka mpaka chini. Na mimi, badala ya kusimama kumuinua, nilikuwa na simu mkononi, nikaendelea kupiga filamu. Jioni filamu ilikuwa imezunguka. Watu wakacheka mingi.

Tulimsaidia kiisha, ndiyo. Tulichanga franga, haikufika bei ya gunia. Makala ikivunjika inakuwa unga, na unga hakuna mtu ananunua. Yeye hakutukana. Alikuwa anapangusa goti, akasema: «Batoto, nyinyi hii kinga ni ya kucheza. Miye, hii njo minervali ya mutoto.» Mtoto wake yuko ku sekondari. Kutosha 2019 wanasema masomo ni bure, lakini hiyo ni ya masomo ya msingi. Ukifika ku sekondari, unalipa.

Sasa, kuko wenye waliniambia: weka tu kanuni, mambo yataisha. Sawa. Dunia nzima, kwenye njia za pori zenye kupitiwa na watu wa miguu na watu wa kinga, kanuni inajulikana: mwenye kinga anamuachia mwenye miguu, na anayeshuka anamuachia anayepanda. Muangalie Nairobi, ku pori ya Karura. Ni pori la hektari kama 1,000 ndani ya muji mkubwa. Mwaka wa 1999 Wangari Maathai alipigwa pale mpaka damu ikatoka, sababu alikuwa anazuia wakubwa kuligawanya. Leo watu wanatembea, wanakimbia, na wanapanda kinga pale pale, kila njia na alama yake. Nasema hivi kwa wale wanaofikiri kwamba kutembea porini si kazi ya mwendo wa raia. Kama Maathai na wenzake wangenyamaza, kungekuwa manyumba tu.

Lakini kanuni ya Karura ukiileta Kilwa vile ilivyo, itaumiza mtu. Kule mwenye kinga anacheza na mwenye miguu anapumzika, wote wawili wanaweza kusimama. Hapa kwetu yule mwenye kubeba magunia anashuka, na kushuka kwake hakusimami. Ukimwambia amuachie anayepanda, umemwambia aanguke. Kwa hiyo sisi tulikubaliana tofauti: mwenye mzigo anapita wa kwanza, akishuka ao akipanda. Wa miguu wanasogea pembeni. VTT inabaki nyuma yake, kwa miguu, mpaka njia ipanuke. Mama mwenye kikapu ku kichwa naye ana mzigo. Mtoto naye ana nafasi yake, msimpigie kelele kwa nyuma.

Kuko kijana mmoja pale nyuma aliniuliza asubuhi: kwa nini tusiwafukuze tu watu wa makala, si wao wanamaliza pori? Swali ni nzuri, na pori linaisha kweli, sitadanganya. Basi, kati yetu, asiyepikiwa bukari ku mbabula ainue mkono.

(Hakuna aliyeinua.)

Njo vile. Ukisimama ku barabara ya Kasenga asubuhi, karibu na kuingia Lubumbashi, utahesabu kinga za makala mpaka uchoke. Zinakwenda kwetu, ku majiko yetu, siku umeme umekatika na siku haujakatika. Muti wa miombo ukikatwa unachipuka tena ku kisiki chake, kama moto haupite kila mwaka na kama watu wanauacha ukue. Inaomba miaka mingi. Juu ya hiyo tunapashwa kukaa na chefu na watu wa makala wenyewe, si kuwakimbiza ku mteremko.

Na bariere, nilisema itafika. Mnajua kwa nini watu wa makala wanashuka usiku, ao alfajiri wakati hakuonekane? Wanakimbia wale wenye kulipisha bila karatasi. Kwa hiyo ajali zingine za njia hii zinaanzia mbali na njia. Tunaomba kitu kimoja: mwenye kulipisha atoe karatasi yenye muhuri, ao atoke.

Wakubwa wa Kilwa, samahani nikigusa hii. Nyinyi mnajua kuliko mimi njia ni nini. Mwezi wa 10 wa 2004, wakati askari waliporudi kuchukua muji na watu zaidi ya 70 wakafa, wengi walikimbia, na kukimbia ni njia njo inatakiwa, ao mtumbwi. Mama yangu mdogo anaita ile njia ya pori «mlango wa nyuma». Sisi tulikuja kuchezea ku mlango wa wenyewe.

Ile filamu nimeiondoa. Najua bado iko ku simu za watu; mwenye nayo aifute. Gunia la papa tumelilipa lote wiki iliyopita, na alikubali kuja kutuonyesha pahali pabaya pote.

Siku ya posho tunatoka saa kumi na mbili ya asubuhi, pale mashamba ya mihogo yanaanzia. Tutachimba pahali pane pa kupishana ku ule mteremko, kila pamoja penye kuenea kinga moja na magunia yake. Majembe tuko nayo sita. Mwenye lake alete. Wa VTT mje pia, lakini kinga mziache ku nyumba.