Zamu ya Nani Mnarani?
Msikilizaji, mafuriko ya Mto Tana ya 2023 na 2024 yaliwang'oa maelfu ya watu makwao. Wakati kama huo, simu nyingi za mji wa Garsen huweza kugombea mnara mmoja wa mawasiliano. Katika mtandao wa 4G, programu ya mnara hugawa vipande vya masafa kila milisekunde 1, ikiamua nani apate na kiasi gani. Ikimpendelea mwenye mawimbi mazuri tu, takwimu za kasi zitapendeza, lakini mfugaji aliye mbali deltani atakosa. Ndiyo maana kanuni nyingi za ugawaji huangalia pia nani amepokea kidogo. Kwangu, hilo halitoshi. Anayetazama video Garsen mjini anaweza kungoja. Tahadhari ya maji kwa watu wa kijiji cha Ozi, kule deltani, haiwezi. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iwatake watoa huduma waeleze hadharani wameupangaje utaratibu huo wa ugawaji.